Jina la Chumbani

Siku ambayo Bunge lilikaa kupitisha Kifungu cha Kumi na Nne, Mheshimiwa Somoe Likonde alifika ukumbini akiwa na wageni jukwaani na msiba usio na maiti moyoni, na vyote viwili alivileta mwenyewe.

Wageni walikuwa wanawake wa Nang'oma, kule kusini jimboni kwake, wakulima wa ufuta, watu wa kucheka kwa sauti. Alikuwa amewaalika zamani, kabla ya balaa, waje waone kwa macho yao mbunge wao anavyopigania chumba chao. Mwaliko wa namna hiyo hauvunjwi kwa sababu tu mwenyeji hapati usingizi. Basi walikuja, wamevaa kanga za sare, na baada ya kipindi cha maswali Spika akawatambulisha kama ilivyo ada. Wakasimama, wabunge wakagonga meza, na Bi Fatu aliyewaongoza, mwanamke aliyekwisha kula chumvi nyingi, akapunga mkono kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwakaribisha wabunge.

Somoe aligonga meza pamoja na wenzake. Kisha akainama akatazama simu iliyokuwa mapajani. Sikitu hakuwa amepiga.

Sikitu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, na Somoe ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Alikuwa hajulikani aliko. Alitoka nyumbani kwa mumewe, Inspekta Hashimu wa polisi, akaonekana akishuka basi Nang'oma, akaingia kwa Bi Mize, na baada ya hapo hakuna jicho lililomwona tena. Polisi walikuja na mbwa, wakapiga picha, wakahoji majirani. Mume akalia mbele ya kamera. Bi Mize alipoulizwa alisema mtoto alikuja, akala, akaenda zake. Zaidi ya hapo hakusema, na yeyote aliyemjua Bi Mize hakutegemea aseme.

Chumba cha Bi Mize ndicho chumba cha unyago. Msichana wa Nang'oma akivunja ungo huingizwa humo akafundwa, na akishafundwa haachi kurudi. Ukubwani huja kusema yale yasiyosemeka kwingine, ya mume, ya uzazi, ya wivu na ya kitandani. Bi Mize husikiliza, wakubwa waliomo husikiliza, na likishasemwa limezikwa. Humo ndimo kila mmoja hupewa jina lake la chumbani. Jina hilo haliandikwi wala halitamkwi nje, na mume halijui hata wazeeke pamoja. Sikitu aliingia siku ya mvua kubwa, akapewa Mwanamvua. Tumelitaja hapa kwa sababu bila hilo hadithi haiendi. Somoe mwenyewe, aliyekuwepo akimshika mtoto mabega, hakuwahi kulitamka nje ya mlango ule, hata kwenye dua.

Na ukuta wa chumba hicho ulikuwa umesikia yote, kwa kuwa Somoe ndiye aliyeupaka rangi.

*

Rangi hai ilipoingia nchini watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Unaipaka ukutani kama chokaa. Ndani yake mna chembe zisizoonekana kwa macho, zinazokula mwanga mchana na kutoa umeme usiku. Nyumba ya udongo ikawaka taa, jokofu likagandisha samaki, bila nguzo wala nyaya. Somoe aligombea ubunge kwa ndoo za rangi ile. Siku ya uzinduzi alichagua chumba cha Bi Mize kiwe cha kwanza, akapanda ngazi mbele ya kamera akiwa na brashi mkononi, rangi ikamchirizikia kwenye kilemba, watu wakapiga vigelegele. Picha ile ilimpeleka Bungeni.

Baadaye ndipo wataalamu walipogundua kwamba chembe zile hutikisika kwa kila sauti, na kwamba zikitikisika hubaki na umbo la mtikisiko ule mpaka tabaka jipya liote juu yake. Mtu akipitisha taa maalumu ukutani, kompyuta humrudishia yote yaliyosemwa chumbani, hata kikohozi. Tabaka hilo huota mvua ikinyesha, hivyo ukuta hukumbuka toka mvua hadi mvua, halafu husahau. Watu wakajifunza kuvika kuta zao. Mwenye neno zito hutundika kwanza kanga au mkeka ukutani, ndipo aseme. Haikuzuia kitu, sauti ilipenya vilevile, lakini ikawa adabu ya mjini na shamba, na mgeni akiingia akakuta ukuta umevikwa huaga mapema.

Sheria iliyokuwepo ilidai ridhaa. Ukuta haukusomwa mpaka kila aliyesema mbele yake akubali. Kifungu cha Kumi na Nne kilikuja kufuta hilo: penye shaka ya mauaji au mtu kutoweka, polisi wasome ukuta wowote bila kibali cha mahakama wala ridhaa ya yeyote. Somoe ndiye aliyewasilisha jedwali la marekebisho la kuirudisha ridhaa. Aliliandika Sikitu akiwa bado yupo. Sasa lilikuwa mezani kwa makatibu likiwa na jina lake, na kila alipolifikiria alijiona kama mtu aliyefunga mlango na mwanawe bado yuko nje.

Redio ilikuwa imetangaza asubuhi ile kwamba mawingu ya mvua yanakusanyika kusini.

*

Waliounga mkono muswada hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa anapambana na walaghai, angelala vizuri.

Aliyemgusa zaidi alikuwa Nyanjige Masunga, mbunge wa kule ziwani, mama mnene mwenye sauti ya upole. Jimboni kwake palikuwa na majaribio ya kusoma kuta kwa ridhaa. Mtoto aliibwa sokoni. Majirani wote walikubali kuta zao zisomwe isipokuwa mmoja, na polisi wakakaa nje ya nyumba ya huyo mmoja mikono mifukoni, wanasubiri sheria.

"Mheshimiwa Spika, yule mtoto alikuwa ndani ya ghala, nyuma ya ukuta huohuo," Nyanjige alisema. "Alipatikana akiwa hai kwa sababu mke wa mwizi alichoka roho akafungua mlango. Mimi namwuliza Mheshimiwa Likonde, ambaye ni rafiki yangu na leo hii anamtafuta wake: tumwombe mwizi ridhaa?"

Meza zikagongwa mpaka maji yakatikisika kwenye glasi. Somoe hakugonga, ila aliinamisha kichwa. Wakili mmoja mzee wa upande wake alisimama akasema ukuta haujui utani. Mke akimwambia mume nitakuua kwa sababu amemaliza sukari, ukuta utaandika nitakuua. Bunge likacheka. Somoe naye alicheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa jukwaani, kwa wanawake wa Nang'oma, wasiocheka. Wao walikuwa wakimtazama yeye.

Kilipofika kipindi cha mapumziko ya mchana, karani akamletea salamu kwamba Waziri anaomba kumwona.

*

Waziri wa Usalama wa Ndani, Evarist Kihwelo, alikuwa na ofisi ndogo nyuma ya ukumbi, na ukutani mwake hapakuwa na rangi hai. Palikuwa na mbao tupu. Somoe aliliona hilo alipoketi, akaliweka akilini.

Waziri alimpokea vizuri. Alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akauliza habari za afya, akasema anajua maji ya shingo ni nini, kwani naye aliwahi kumzika mtoto. Hakuwa anadanganya, kila mtu alijua habari ya mazishi yale. Kisha akaeleza alichomwitia. Hesabu ya kura ilikuwa upande wake, lakini kwa shida, na wanaosita walikuwa wakimtazama Somoe. Akiliondoa jedwali lake, kifungu kitapita kwa amani, kitatiwa saini jioni ile, na kesho alfajiri mafundi watakuwa chumbani kwa Bi Mize kabla mvua haijalifuta neno lolote.

"Dada yangu, mimi sikununui," alisema. "Nakwambia tu mambo yalivyo. Ukuta ule ndio uliomsikia mwisho. Tupe ruhusa, tutakurudishia Mwanamvua wako akiwa mzima."

Somoe alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mezani polepole bila kunywa.

"Umemwitaje?" angeuliza mtu mwingine. Somoe hakuuliza. Alimtazama yule mtu aliyezaliwa nyanda za juu, aliyelelewa na kaka zake pekee, asiyewahi kuketi na wanawake wa kusini hata siku moja, na akaona wazi jinsi ilivyokuwa. Mahali fulani kulikuwa na karatasi za maneno yaliyotolewa ukutani, na ndani yake wanawake walikuwa wakimwita yule mtoto kwa jina hilo tena na tena, kwa huruma, kama watu wanavyomwita mtu kwao. Waziri alikuwa amelisoma akalipokea kuwa ni jina lake la nyumbani. Alilitumia kwa wema. Alitaka kumfariji.

Akasema ataomba muda afikirie. Waziri akamfungulia mlango.

*

Alitoka mpaka bustanini, kwenye mizabibu ya Bunge, mahali pasipo na ukuta, akampigia Bi Mize. Akamwomba kwanza atoke nje, afike shambani. Akasubiri huku akisikia pumzi za bibi na majani yakikwaruza kanga.

"Haya, nimefika kwenye ufuta," Bi Mize alisema. "Sema."

"Bibi, kuna mtu aliyeingia chumbani na chombo?"

"Walikuja wale vijana wako wa rangi. Wa kukagua ubora. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameondoka. Wakasema wametumwa na mbunge, nikawaambia kama ni Somoe, piteni. Walikuwa na taa ya buluu, wakaipitisha ukutani taratibu kama mtu anayepiga pasi."

Somoe hakuwa ametuma kijana yeyote. Akamweleza hivyo. Huku akieleza aliyapanga mambo akilini, yakapangika vibaya. Walikuwa wameusoma ukuta. Walijua Sikitu alisema nini, na kama alisema anakokwenda, walijua aliko. Hawakuweza kwenda kumchukua, maana wangeulizwa mmejuaje. Walikuwa wanasubiri sheria iwape ruhusa ya kujua wanachokijua. Na siku wakimpata kihalali, mtu wa kwanza kuitwa kumchukua atakuwa mume wake, Inspekta Hashimu.

"Bibi, yu hai?"

"Yu hai. Aliondoka kwa miguu yake. Hilo nakupa, na nimefanya kosa kukupa."

Somoe akachuchumaa palepale chini ya mizabibu, suti na yote, akalia bila sauti. Alipoweza kusema tena akauliza yuko wapi.

"Alisema nisimwambie mtu," Bi Mize alijibu. "Nikamuuliza, hata mama yako? Akasema, hasa yeye."

Somoe alijua sababu. Sikitu alikuwa amerudi kwake kutoka kwa Hashimu, amevaa gauni la mikono mirefu wakati wa joto ili kuficha alama, na Somoe alimrudisha. Alimrudisha kwa gari la ubunge, na zawadi kwa mkwe, na maneno ya kuvumilia. Mtoto alipokuja tena alimrudisha tena. Ukoo wa Hashimu ulikuwa na watu wengi jimboni, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Hakuwahi kujiambia kwamba ndiyo sababu. Aliita jambo hilo busara.

Akapangusa uso, akamwambia bibi kwamba waliosoma wamesikia mtoto anakokwenda, na mumewe ni polisi mwenzao.

"Basi atahama leo hii," Bi Mize alisema. "Nitatuma mtu mwenye miguu myepesi. Na safari hii sitauliza anakwenda wapi."

"Nitampataje, Bibi?"

"Hutampata. Akitaka, atakupata."

Angeweza kunyamaza, na alilijua hilo kabla hajapiga simu. Angeliondoa jedwali, angesubiri, na kesho angemshika mtoto wake mikononi, akijifanya hajui ni mikono gani mingine inayomsubiri. Sasa njia ile ilikuwa imefungwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga kwa kumwonya bibi. Ilibaki habari ya chumba, na ya vyumba vyote.

Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa jina moja. Angesimama na kusema polisi wameingia kwa hila, Waziri angekanusha, na vijana wa taa ya buluu wasingepatikana. Jina pekee ndilo lingethibitisha, kwa sababu lilikuwa limekaa mahali pamoja tu duniani. Lakini jina la chumbani likitamkwa uwanjani limekufa, na halikuwa lake yeye kuliua. Alitembea katikati ya ile mizabibu akienda na kurudi, viatu vikizama kwenye udongo mwekundu, mpaka kengele ikalia. Akaingia ndani akiwa bado hajakata shauri, au ndivyo alivyojidanganya.

*

Bunge likakaa kama Kamati ya Bunge Zima. Siwa ikashushwa, Spika akateremka kutoka kiti chake kirefu akaketi mezani pa makatibu kama Mwenyekiti, na Katibu akaanza kusoma vifungu. Cha kwanza kikapita, na cha pili, wabunge wakiitikia ndiyo kwa uvivu wa watu waliokula. Katibu aliposoma Kifungu cha Kumi na Nne, ukumbi ukatulia.

"Mheshimiwa Likonde, una jedwali," Mwenyekiti alisema.

Somoe akasimama. Alibonyeza kitufe cha kipaza sauti, taa nyekundu ikawaka. Hakutazama jukwaani. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mzazi kabla ya kuwa mbunge, na kwamba Mheshimiwa Nyanjige asubuhi alimuuliza swali ambalo hadi sasa hana jibu lake. Watu wakaguna kwa huruma. Akasema Mheshimiwa Waziri amemwita mchana akamfariji kama ndugu, na maneno yake yamemwingia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijaamua kama naliondoa jedwali langu, naomba jambo moja. Waziri aniahidi hapa, mbele ya Bunge, ahadi ileile aliyonipa ofisini. Aitoe kwa jina la mtoto, lile alilonitajia."

Kule mbele, Waziri Kihwelo aliinuka haraka. Uso wake ulikuwa umejaa faraja ya kweli, na Somoe alimwonea huruma. Kamera zikamgeukia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naahidi kwa moyo mweupe," alisema. "Kifungu hiki kikipita, Serikali haitalala. Tutamrudisha Mwanamvua nyumbani kwa mama yake."

Wabunge waliinua mikono kugonga meza. Waliowahi kugonga waliacha katikati, kwa sababu jukwaani kulikuwa na vurugu.

Wanawake wa Nang'oma walikuwa wamesimama, wote pamoja. Wakavuta kanga zao kutoka mabegani wakajifunika vichwa na nyuso, wakageuka, wakalipa Bunge migongo. Hivyo ndivyo wafanyavyo wanawake wa kule jina la chumbani linapotamkwa nje: huligeuzia mgongo kama maiti asiyestirika. Askari wa Bunge wakawakimbilia wakiwaambia waketi, mgeni haruhusiwi kusimama, nao hawakuketi. Kwenye viti vya wabunge, mama mmoja wa majimbo ya kusini, wa chama cha Waziri mwenyewe, akavuta mtandio wake akaufunika uso palepale alipokaa. Kisha mwingine.

"Kuna nini?" Mwenyekiti aliuliza. "Mheshimiwa Likonde, eleza wageni wako wana nini."

Somoe akaeleza. Hakupandisha sauti. Alisema mtoto wake anaitwa Sikitu, ndivyo ilivyo kwenye taarifa ya polisi, kwenye cheti cha kuzaliwa na cha ndoa. Alisema jina alilolitaja Waziri halijawahi kusemwa popote isipokuwa ndani ya chumba kimoja Nang'oma, na waliokuwa wakilijua ni wale waliogeuka kule juu, pamoja na mwenye chumba, mwenye jina na yeye. Hakuna hata mmoja wao aliyemwambia Waziri.

"Aliyemwambia ni ukuta," alisema. "Sheria ya kuusoma ukuta ndiyo kwanza tunaijadili. Namwomba Waziri aliambie Bunge, amelijuaje jina hilo?"

Waziri alifungua kinywa. Alimtazama msaidizi wake nyuma, msaidizi akatazama sakafu. Ukumbi mzima ulimsubiri, na kusubiri kule kulikuwa jibu tosha. Nyanjige Masunga aliinuka polepole na kutoka nje bila kumtazama mtu.

Baadaye magazeti yangeandika mengi, mengine ya kupiga chuku. Kilichotokea ni kwamba Mwenyekiti alipohoji wanaoafiki, sauti ya ndiyo ilikuwa ya watu wachache na ya aibu. Na alipohoji wasioafiki, sauti ya siyo ilisikika mpaka bustanini. Kifungu kikaanguka. Wabunge walimzunguka Somoe wakampa mikono, na mmoja akamwambia kwamba kwa leo ameilindia nchi nzima vyumba vyake.

Alijitoa mikononi mwao akakimbilia nje kuwawahi wageni.

*

Aliwakuta kwenye ngazi wakisubiri basi lao. Kanga zilikuwa zimerudi mabegani. Walimwamkia kwa adabu zote, mmoja mmoja, na adabu ile ilimuumiza kuliko matusi. Bi Fatu akamvuta pembeni.

"Ulifanya kazi kubwa," Bi Fatu alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Mwenyewe ulimwomba?"

Somoe akasema hakuweza, hajui aliko, hakukuwa na muda. Akasema hakulitamka yeye, ni Waziri.

"Ulimtamkisha."

"Ningefanyaje, mama? Wangeingia kila nyumba."

"Sikusema usifanye. Nimeuliza kama ulimwomba." Bi Fatu alitazama mbali, kwenye mizabibu. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Akasema watamwita mtoto chumbani siku atakayoweza kurudi, wamfunde upya kidogo, wampe jina lingine. Chumba wataking'oa rangi kwanza, warudishie udongo.

Somoe aliuliza kama ataitwa siku hiyo. Bi Fatu alimshika mkono, akaubana, akauachia. Basi likafika, wakapanda.

Alibaki pale kwenye ngazi, yeye aliyekuwa ameshinda. Wapiga picha walipita, akawapa mgongo. Ndipo simu ikatetemeka. Namba ilikuwa ngeni.

"Mama," sauti ilisema.

Alitaka kumwita. Jina la kwanza lilikuwa la polisi na magazeti, la pili alikuwa ameliua mchana ule mbele ya nchi, na la tatu hatalijua. Akasema tu, "Mwanangu."

"Nimesikia redioni. Ni wewe uliyemfanya aseme?"

"Ni mimi."

Nyuma ya pumzi za Sikitu, Somoe alisikia mvua ikianza kupiga bati, matone makubwa ya mwanzo, na zaidi ya mvua mlio wa mashine ya kusaga na mtu akiita kwa lafudhi anayoifahamu. Redio ilikuwa imesema asubuhi mvua itanyesha wapi. Mashine kama zile hazikuwa nyingi. Akili yake, bila kuombwa, ilianza kwenda barabara moja baada ya nyingine ikimtafuta.

Akaiondoa simu sikioni mpaka ule mlio ukapotea, akahesabu pumzi zake, akairudisha.

"Usiniulize niko wapi," mtoto alisema.

"Sikuulizi," alisema Somoe.